Droni ya dawa kwenda Ukerewe: kwa nini kuonekana kwenye rada hakutoshi

*Swali la msomaji: "Naratibu ugavi wa dawa katika taasisi inayohudumia zahanati na vituo vya afya vya visiwani, Ziwa Victoria. Tunakusudia kupeleka damu, chanjo na dawa za dharura kwa droni kutoka Mwanza mjini hadi Nansio, Ukerewe, kwa kuwa kwa kivuko safari ni ya saa kadhaa na usiku mgonjwa hawezi kusubiri. Muuzaji ametuhakikishia kwamba tukifunga transponda, mnara wa Mwanza utatuona kama ndege nyingine yoyote na tutapewa ruhusa. Mwenzangu ofisini anasema hata transponda haihitajiki, kwani chini ya futi 400 anga haina mwenyewe. Tulipouliza kwa simu tuliambiwa tu kwamba kuruka nje ya upeo wa macho kunahitaji utaratibu maalumu, bila ufafanuzi. Tatizo hasa ni nini? Kwa nini ndege yenye abiria 12 inapita ziwani kila siku bila shaka yoyote, na chombo cha kilo 20 kisicho na mtu ndani kinahesabiwa kuwa hatari? Na je, tununue au tusinunue?"*

Ndugu yangu, malalamiko yenu ni ya haki. Mtu anayejua kwamba mama mzazi anavuja damu kisiwani, na damu ya kumwokoa iko kwenye jokofu ng'ambo ya maji, hawezi kuridhika na jibu la "utaratibu maalumu". Nitaeleza utaratibu huo unalinda nini, kwa sababu nikifanikiwa katika hilo mtajua wenyewe cha kununua, cha kuahirisha na cha kudai.

Nianze na muuzaji. Alichowaambia kuhusu transponda, yaani kifaa cha ndani ya ndege kinachoijibu rada, kina ukweli ndani yake, lakini ni jibu la swali ambalo mnara haukuuliza. Mwongoza ndege akishakiona chombo chenu kwenye skrini, kazi yake ndiyo kwanza inaanza: anataka kujua kitakuwa wapi baada ya dakika moja, kitafanya nini akikiambia kigeuke, na zaidi ya yote kitafanya nini wakati ninyi wenyewe mmepoteza uwezo wa kukiamuru. Rubani wa ile ndege ya abiria 12 anayajibu maswali hayo yote kwa kuwepo kwake ndani ya ndege, akiwa na macho, redio na leseni inayomtaka afuate kanuni zilezile anazozifuata mwenzake. Nanyi mnapaswa kuyajibu hayohayo kwa njia nyingine, na kuthibitisha kwa maandishi na kwa majaribio kwamba majibu yenu yanafanya kazi.

Sasa, hili la futi 400. Mwenzako wa ofisini hayuko peke yake. Imani hii imeenea sana, na chimbuko lake ni kwamba nchi nyingi zimeweka futi 400, yaani takriban mita 120, kuwa kikomo cha juu cha droni ndogo inayorushwa na mtu anayeiona kwa macho yake. Kikomo hicho kinamzuia mrushaji asipande zaidi. Hakimpi umiliki wa anga iliyo chini yake. Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, ambao ndio msingi wa usafiri wa anga duniani, unasema katika kifungu chake cha 8 kwamba ndege inayoweza kuruka bila rubani haitaruka juu ya nchi mwanachama bila idhini maalumu ya nchi hiyo. Hapa Tanzania idhini hiyo inasimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, chini ya kanuni za mwaka 2018 za ndege zinazoongozwa kwa mbali, na kuna pia kibali cha upande wa ulinzi. Mlango wa kuruka nje ya upeo wa macho haujafungwa, ila unafunguliwa kwa ombi mahususi linaloeleza safari mahususi.

Tena hiyo futi 400 yenyewe inapimwa kutoka wapi? Hapa nakuomba unisikilize kwa makini, kwa kuwa jambo hili dogo ndilo linalowakosanisha marubani wa droni na waongoza ndege kuliko mengi mengine. Droni nyingi hupima kimo kuanzia pale ziliporukia. Rubani wa ndege ndogo ya aina ya Cessna hupima kimo kutoka usawa wa bahari, kwa kipimahewa alichokirekebisha kwa namba aliyopewa na mnara. Uwanja wa ndege wa Mwanza uko takriban mita 1,147, sawa na futi 3,763, juu ya usawa wa bahari. Kwa hiyo droni yenu ikisoma 400 juu ya uwanda wa Mwanza, rubani wa Cessna aliye kimo hichohicho anasoma zaidi kidogo ya 4,160. Mkimwambia mwongoza ndege "tuko futi mia nne" naye akamwambia rubani "shuka hadi futi elfu nne na mia tano", hakuna aliyekosea hesabu, lakini nyote watatu mnaongea vipimo viwili tofauti. Ongezeni na hili: Mwanza ni mji wa vilima vya mawe. Mkirusha kutoka kwenye kilima kilicho mita 100 juu ya ziwa na kushikilia futi 400 za kipimo cha droni, mkifika juu ya maji mko futi 730 hivi kutoka usoni mwa ziwa, wakati makaratasi yenu yanasema 400.

Wala anga ya chini si tupu. Ndege inayotua kwa mteremko wa kawaida wa digrii tatu huwa imeshafika futi 400 ikiwa bado kilomita 2.3 kutoka mahali itakapogusa ardhi. Helikopta hupita humo, na ndege zinazobeba wagonjwa hushuka humo zinapoingia kwenye viwanja vidogo. Halafu fungua ramani uchore mstari ulionyooka kutoka katikati ya jiji la Mwanza hadi Nansio. Mstari huo unapita karibu kabisa na uwanja wa ndege, ambao uko kaskazini mwa jiji, ufukweni, na upande mmoja wa njia yake ya kutua umeelekea ziwani. Maana yake njia fupi kwenu ndiyo ngumu kuliko zote kwa mnara. Kama mpango wenu umejengwa juu ya mstari huo, nadhani hapo ndipo ugumu mlioambiwa kwa simu unapoanzia, hata kama aliyepokea simu hakuwafafanulia.

Turudi kwenye kuonekana. Rada za uongozaji ni za aina mbili, na mara nyingi hukaa kwenye mnara mmoja. Ya kwanza hutuma wimbi na kusubiri mwangwi unaorudi kutoka kwenye mwili wa ndege. Droni ya kilo 20 iliyotengenezwa kwa povu na nyuzi za kaboni hurudisha mwangwi hafifu, pengine kama wa ndege mnyama mkubwa, nayo rada imepangwa kwa makusudi ichuje vitu vidogo vya mwendo wa polepole, la sivyo skrini ingejaa korongo, mawimbi na boti. Aina ya pili haitegemei mwangwi. Huuliza kwa masafa ya megahezi 1030, na transponda iliyo ndani ya ndege hujibu kwa megahezi 1090 ikitaja namba yake na kimo chake. Tanzania imefunga rada Dar es Salaam, uwanja wa Kilimanjaro (KIA), Mwanza na Songwe, kwa hiyo ni kweli kwamba mkiwa na transponda Mwanza inaweza kuwaona, mradi hakuna kilima katikati na hamko chini mno kwa umbali huo.

Lakini fikiria upande wa pili wa transponda hiyo. Ndege kubwa za abiria zina mfumo wa kuzuia migongano ambao husikiliza transponda za wengine na, ukihisi hatari, humwamuru rubani apande au ashuke mara moja, naye anatakiwa kutii kabla hata ya kumsikiliza mwongoza ndege. Droni yenye transponda inayozunguka jirani na njia ya kutua inaweza kuamsha amri hiyo ndani ya ndege yenye watu mia moja na hamsini, ilhali yenyewe haina mfumo wa kushiriki katika kukwepana huko. Kuna pia msongamano wa masafa: megahezi 1090 ni moja tu na inatumiwa na wote. Kwa sababu hiyo Marekani imekataza droni ndogo kujitangaza kwa ADS-B, yaani mfumo ambao chombo chenyewe hutangaza kwa redio mahali kilipo na kimo chake, bila idhini maalumu, na badala yake imezitaka zitangaze utambulisho wao kwa mawimbi ya masafa mafupi ambayo simu ya kawaida inaweza kuyapokea. Utambulisho huo unamsaidia askari aliye chini kujua droni ni ya nani. Haumsaidii rubani aliye angani.

Kwa safari zenu, mimi ningethamini zaidi kifaa cha kupokea kuliko cha kutangaza, yaani droni ijue nani yuko karibu nayo. Hata hivyo kifaa cha kupokea husikia tu wale wanaojitangaza, na ndege ndogo zisizo na ADS-B bado zipo.

Hapa ndipo tunafika kwenye kiini cha swali lako la abiria 12. Tangu mwanzo wa usafiri wa anga, kinga ya mwisho dhidi ya kugongana imekuwa ni rubani kuangalia nje na kukwepa. Mwongoza ndege hutenganisha, redio hutahadharisha, lakini katika anga nyingi za chini hakuna anayetenganisha ndege ndogo zinazoruka kwa kuona, zinaonana zenyewe. Kinga hii ina udhaifu wake hata kwa binadamu wenye macho mazima. Machi 5, 2024 ndege mbili zenye marubani ndani ziligongana karibu na Uwanja wa Wilson, Nairobi, na watu wawili waliokuwa katika ile ndogo wakafariki. Kama hali ni hiyo kwa wanaoweza kuona, chombo kisichoona kabisa kinaingia wapi?

Hebu tufanye hesabu. Ndege ya aina ya Caravan ikija kwa kilomita 300 kwa saa, na droni yenu ikienda kwa kilomita 100 kwa saa kuikabili, zinakaribiana kwa mita 111 kila sekunde. Mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, hukadiria kwamba rubani anahitaji sekunde 12.5 tangu macho yake yanase kitu hadi ndege yake ianze kugeuka. Katika sekunde hizo zinakaribiana kilomita 1.4. Chombo chenye mabawa ya mita mbili au tatu, cheupe, juu ya ziwa linalong'aa, hakionekani kwa umbali huo. Rubani atakiona kikiwa mita mia chache, akiwa na sekunde nne au tano. Kwa hiyo msitegemee kwamba Caravan itawakwepa. Wajibu wote wa kukwepa unawaangukia ninyi, na ndiyo sababu kila mamlaka makini itawauliza droni yenu inagundua vipi ndege nyingine, ikiwemo isiyojitangaza: kwa rada ndogo ya ardhini, kwa kamera, kwa vipaza sauti vinavyosikiliza mlio wa injini, au kwa watazamaji waliopangwa njiani wenye redio.

Uzito mdogo hauwasaidii sana katika hoja hii. Utafiti wa vyuo vikuu vya Marekani uliofanywa kwa ajili ya FAA na kutolewa mwaka 2017 ulionyesha kwamba droni huumiza bawa la ndege zaidi kuliko ndege mnyama wa uzito uleule, kwa sababu mota, kamera na betri ni vitu vigumu visivyosambaratika kama nyama na mifupa. Mwaka huohuo, Septemba, droni ndogo iligonga helikopta ya jeshi karibu na Staten Island, New York. Aliyekuwa akiirusha alikuwa takriban maili mbili na nusu kutoka hapo, akitazama skrini tu, na hakujua kwamba amegonga helikopta mpaka wachunguzi walipomfikia. Januari 2025, wakati wa moto mkubwa wa Los Angeles, droni iliyoingia katika anga iliyofungwa ilitoboa bawa la ndege ya kuzima moto, na ndege hiyo iliyohitajika kuliko wakati mwingine wowote ikalazimika kukaa chini kutengenezwa.

Sasa nikae kidogo kwenye jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo zito kuliko yote, nalo ni kukatika kwa mawasiliano. Droni yenu itaamriwa kwa redio ya moja kwa moja, kwa mtandao wa simu, au kwa setilaiti. Redio ya moja kwa moja itafifia kadiri mnavyokwenda mbali na chini. Mtandao wa simu umejengwa kwa ajili ya watu walio ardhini: antena zimeinamishwa kuwaelekea wao, kwa hiyo angani chombo kinaona minara mingi kwa wakati mmoja bila kushikwa vizuri na hata mmoja, na katikati ya ziwa huenda kisishikwe kabisa. Setilaiti iliyo kilomita 35,786 juu ya ikweta inafika kila mahali ziwani, lakini wimbi linachukua kama robo sekunde kupanda na kushuka. Kwa amri ya "geuka kushoto" robo sekunde ni kidogo. Kwa mazungumzo ya redio inasumbua: kwenye vyombo vikubwa ambavyo sauti ya mnara hupitishwa kupitia droni hadi setilaiti na kurudi kwa rubani, jibu huchelewa nusu sekunde au zaidi, mwongoza ndege anadhani hakusikika, anarudia, na maneno mawili yanagongana kwenye masafa ambayo marubani wengine nao wanayasubiri.

Mawasiliano yatakatika. Si kila safari, lakini yatakatika, na swali la mwongoza ndege ni nini kinafuata. Droni nyingi zimewekewa na kiwanda zirudi nyumbani: kwanza hupanda hadi kimo kilichowekwa, kisha hukata mstari ulionyooka hadi zilipotoka. Tazama maana yake kwenu. Droni iliyoruka kwa njia ya kuzunguka, kwa adabu, ikikwepa uwanja wa ndege, inapoteza mawasiliano karibu na Ukerewe, inapanda bila kumwambia mtu, halafu inachora ule mstari tulioukwepa, moja kwa moja kuelekea uwanjani. Mwongoza ndege aliyeona mpango wenu asubuhi na kuukubali sasa anaona, au haoni kabisa, chombo kinachofanya jambo ambalo halikuwemo kwenye mpango. Nikipata nafasi ya kukagua ombi lolote la aina hii, ukurasa ninaouanza ni huo: baada ya sekunde ngapi bila mawasiliano droni inachukua hatua, inageukia upande gani, kwa kimo gani, inapita wapi, inatua wapi, na nani anapiga simu mnarani kabla ya dakika kwisha. Kwenye ndege kubwa zisizo na rubani nchini Marekani kuna hata namba maalumu ya transponda, 7400, inayotangaza kwamba mawasiliano yamekatika, na mwongoza ndege akiiona anafungua mpango uliokwisha kukubaliwa. Namba hiyo ina faida kwa sababu mpango upo. Bila mpango ni kengele tu.

Mna njia gani basi? Ile ambayo wauzaji hupenda kuitaja, ya droni kuchanganyika na ndege zote ikipokea maelekezo ya mnara kama wengine, ipo, lakini kwa sasa ni ya vyombo vikubwa vilivyothibitishwa kama ndege kamili. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, limekuwa likiandika viwango vyake kwa hatua, kuanzia mwongozo wa mwaka 2015 hadi viwango vya leseni ya rubani wa mbali vilivyoanza kutumika Novemba 2022. Kwa droni ya kilo 20 njia hii haifai, na si kwa sababu ya urasimu: mwongoza ndege anayepanga foleni ya ndege zinazokuja kwa mwendo wa noti 120 (kama kilomita 220 kwa saa) na zaidi hawezi kukiingiza katikati yake chombo cha noti 55 bila kuvuruga kila kilicho nyuma yake.

Ulaya imechukua njia nyingine. Tangu Januari 2023 kanuni zake zinaruhusu nchi kutenga maeneo ya anga ya chini ambamo droni huhudumiwa na mfumo wa kompyuta unaozitambua, unaozionyesha maeneo yaliyokatazwa, unaozipa idhini ya kila safari na unaozipa taarifa za vyombo vilivyo karibu, bila mwongoza ndege kuzungumza na kila moja. Naipenda fikra hiyo na naamini kwamba siku moja anga ya Ziwa Victoria itaihitaji. Lakini inamtaka pia rubani wa ndege ya kawaida anayeingia humo ajitangaze kielektroniki, na inahitaji mtandao usiokatika. Msiisubiri kwa ajili ya mradi wa mwaka huu.

Inayobaki ni anga iliyotengwa: ushoroba wenye mipaka, kimo na saa zinazojulikana, uliotangazwa kwa marubani kwa NOTAM, yaani tangazo rasmi la tahadhari za anga, ambamo droni inaruka na wengine hawaingii au wanaingia kwa taarifa. Malawi ilifungua eneo la namna hiyo Kasungu mwaka 2017 kwa ushirikiano na UNICEF, lenye nusu kipenyo cha kilomita 40 na kimo cha hadi mita 400. Rwanda ilianza kupeleka damu hospitalini kwa droni za kampuni ya Zipline kutoka Muhanga Oktoba 2016, na kilichoikuza huduma ile, pamoja na ubora wa chombo, ni serikali, mamlaka ya anga na mwendeshaji kukaa meza moja tangu mwanzo. Nanyi mna mfano wa nyumbani kabisa: mwaka 2018 DHL, shirika la maendeleo la Ujerumani la GIZ na kampuni ya droni ya Wingcopter walifanya majaribio ya miezi sita kupeleka dawa Ukerewe, safari ya kilomita 60 kwa wastani wa dakika 40. Kwa hiyo hamuombi jambo ambalo halijawahi kufanyika juu ya maji yale.

Anga iliyotengwa ina gharama, na sitawaficha. Kila saa mnayopewa ninyi wengine wanazuiwa, na katika ziwa hili miongoni mwa wengine kuna ndege iliyobeba mgonjwa kama wenu. Ombi lenu lisilosema droni itaondokaje njiani ndege ya wagonjwa ikitokea ghafla halistahili kukubaliwa. Andikeni muda: tangu simu ya mnara hadi droni iwe imetua au imekaa mahali palipokubaliwa, dakika kadhaa zilizopimwa kwa majaribio. Vilevile njia hii haikui yenyewe. Kituo kimoja na safari chache kwa siku zinabebeka. Vituo vitano vyenye shoroba tano zinazokatana vitamlemea mwongoza ndege aliye peke yake zamu ya usiku.

Msisahau walio chini. Usiku, ambao ndio muda mnaouhitaji zaidi, ziwa linajaa taa za wavuvi wa dagaa, na mahali ramani inapoonyesha maji matupu kuna mamia ya watu ndani ya mitumbwi. Njia ya kupima hatari inayotumiwa na mamlaka nyingi, iitwayo SORA na kuandaliwa na kundi la wataalamu wa mamlaka za anga la JARUS, inahesabu hatari ya chini na hatari ya angani kila moja kwa upande wake, na mkihesabu ziwa la usiku kuwa tupu mtakuwa mmejidanganya wenyewe. Zungumzeni na vikundi vya usimamizi wa mialo, mjue makundi ya wavuvi hukaa wapi kwa msimu.

Ushauri wangu kuhusu kununua: msisaini mkataba sasa. Chombo huchaguliwa baada ya njia, na njia huchaguliwa pamoja na mnara. Ningeanza kwa kuhamisha kituo cha kurushia kutoka mjini kwenda mashariki mwa jiji, nje ya njia za kutua, hata kama dawa italazimika kusafiri kwa pikipiki kabla ya kupaa. Dakika 30 za barabarani zinaweza kuwaokolea miezi ya majadiliano. Ningeomba kwanza safari za mchana, kimo kimoja, saa mbili au tatu zilizopangwa, kisha usiku baada ya mnara kuona rekodi zenu.

Kuna mambo ambayo hayaamuliwi kwa maandishi kama haya wala kwa simu. Nendeni TCAA ana kwa ana, na ombeni kikao pamoja na waongoza ndege wa Mwanza wenyewe, kwa kuwa wao ndio wanaojua ndege ya saa kumi jioni huzungukia wapi upepo unapogeuka. Tafuteni mtu mwenye uzoefu wa kuandika tathmini ya usalama awasimamie. Hii si kazi ya muuzaji, maana ana maslahi. Kama chombo kitaruka karibu na makazi, au kitabeba sampuli za maabara zinazoweza kuambukiza, mshirikisheni pia mganga mkuu wa wilaya kabla ya jaribio la kwanza.

Kwenye kikao hicho pelekeni ramani yenye njia ya kwenda na njia ya kurudi, vimo vyote vikiwa vimeandikwa kutoka usawa wa bahari, jina na namba ya simu ya msimamizi wa kila zamu, na ule ukurasa mmoja wa mawasiliano kukatika. Muuzaji akishindwa kuwasaidia kuujaza, kwa sekunde na kwa mita, au akisema droni yake haiwezi kubadilishwa tabia ya kurudi nyumbani kwa mstari ulionyooka, tafuteni muuzaji mwingine.